Mzigo ni Amana: Saa Sita za Kungoja Treni Mjini Brussels

Msafiri anayepita Brussels kwa saa chache hujiuliza swali moja kabla ya mengine yote: mizigo niiweke wapi? Mazungumzo yetu ya wiki hii yanaanzia kwenye makabati ya stesheni ya Midi na kuishia Porte de Namur, mlangoni mwa Matonge, mtaa wa Waafrika katika mji mkuu wa Ubelgiji.



Asubuhi moja ya mwezi wa Machi, miaka michache iliyopita, niliteremka kutoka kwenye ndege iliyotoka Bujumbura katika uwanja wa Zaventem, Brussels. Ilikuwa yapata saa kumi na mbili na nusu. Treni yangu ya kwenda Cologne, Ujerumani, ilikuwa iondoke saa nane mchana, na tikiti niliyonunua ilikuwa ya bei rahisi, ile isiyokubali kubadilishwa. Nilikuwa na masanduku mawili. La kwanza lilikuwa langu. La pili lilikuwa nusu yangu na nusu ya watu.

Msikilizaji aliyewahi kusafiri kutoka Afrika Mashariki kwenda Ulaya anajua ninachosema. Hakuna anayeondoka na mzigo wake peke yake. Jirani ataleta kifurushi, shangazi ataleta kitenge, na rafiki wa rafiki atakuja usiku wa mwisho na bahasha iliyofungwa kwa gundi. Mimi nilipewa vitu na mama mmoja wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambako Kiswahili ndicho lugha ya kila siku. Alinipa mfuko wa ndagala wakavu, vitenge viwili na bahasha. "Mwanangu," aliniambia, "ndagala wakipotea nitatuma wengine. Lakini bahasha hii ni amana. Mkabidhi binti yangu mkononi."

Ndani ya bahasha mlikuwa na cheti cha kuzaliwa cha binti huyo, kilichopigwa mihuri yote iliyotakiwa. Yeye alikuwa ameishi Ubelgiji zaidi ya miaka kumi, akifanya kazi katika duka la kusuka nywele karibu na Porte de Namur. Siku hiyohiyo, saa tano asubuhi, alikuwa na miadi katika ofisi ya serikali ya mtaa ili awasilishe maombi yake ya uraia. Kila karatasi ilikuwa tayari isipokuwa hiyo moja.

Kutoka Zaventem, treni huchukua kiasi cha dakika ishirini kufika Midi, stesheni kubwa kuliko zote nchini Ubelgiji. Hapo ndipo huanzia safari za treni ya mwendo kasi ya Eurostar kwenda London chini ya bahari, tangu mwaka 1994, na ndipo hupita treni za Paris, Amsterdam na Cologne. Mtu akitazama umati wa pale asubuhi, ataona kwamba nusu yao wanavuta kitu chenye magurudumu. Nami nilikuwa mmoja wao, na magurudumu ya sanduku langu moja yalikuwa yamekwisha kuvunjika.

Nilifuata alama za picha hadi kwenye makabati ya kufungia mizigo. Huo ni ukumbi wenye safu za masanduku ya chuma, madogo, ya kadiri na makubwa. Utaratibu wake si mgumu. Mtu huchagua kabati tupu, huingiza mzigo, hufunga mlango na kulipa. Zamani makabati ya namna hii yalikubali sarafu tu, na ungewaona wasafiri wakihangaika kutafuta chenji. Siku hizi mengi hupokea kadi ya benki. Ukimaliza kulipa, mashine hukupa stakabadhi ndogo yenye namba ya siri. Namba hiyo ndiyo ufunguo. Malipo kwa kawaida ni ya saa 24, na anayepitisha muda huongezewa deni.

Nililipa, nikachukua kikaratasi changu na kutoka nikiwa mwepesi. Ni furaha ya pekee, wasikilizaji, kutembea mikono mitupu baada ya usiku mzima wa kuburuta mizigo. Na furaha hiyo ndiyo iliyonifanya nisahau jambo moja. Bahasha niliiacha ndani ya sanduku.

Mizigo hii tunayoifunga kwa namba za siri ina historia ndefu, na sehemu yake ni ya huzuni. Mwezi Julai mwaka 1939, mabomu yalilipuka katika vyumba vya kuhifadhia mizigo vya stesheni za King's Cross na Victoria mjini London, katika kampeni ya Jeshi la Ukombozi la Ireland. Tarehe 2 Agosti mwaka 1980, bomu lililofichwa katika sanduku lililoachwa kwenye ukumbi wa abiria wa stesheni ya Bologna, Italia, liliua watu 85. Brussels nayo ilipata fungu lake. Tarehe 22 Machi mwaka 2016, washambuliaji walisukuma masanduku yao juu ya vigari vya mizigo ndani ya uwanja wa Zaventem kama abiria wengine. Mashambulizi hayo, pamoja na lile la kituo cha metro cha Maelbeek, yaliua watu 32. Mwaka uliofuata, tarehe 20 Juni, mtu mmoja alijaribu kulipua begi lake katika Stesheni ya Kati ya Brussels. Halikulipuka ipasavyo, na yeye peke yake ndiye aliyeuawa, kwa risasi ya askari.

Ndiyo maana msafiri husikia kila mara kwenye vipaza sauti onyo la kutoacha mzigo bila mwenyewe. Na ndiyo maana haifai kabisa kumwambia usiyemfahamu, "Niangalizie begi langu, narudi sasa hivi," kama tulivyozoea katika vituo vya mabasi vya kwetu. Begi lisilo na mtu laweza kusababisha kituo kizima kufungwa na treni kusimamishwa. Kwetu pia desturi zinabadilika. Abiria wa reli mpya ya Nairobi na Mombasa, iliyozinduliwa mwaka 2017, hupanga mabegi yao chini kwa mstari ili mbwa wa polisi wayanuse kabla ya mtu yeyote kupanda.

Baada ya kufunga mizigo nilipanda metro. Njia namba 2 na namba 6 hutoka Midi na kupita Porte de Hal, Hôtel des Monnaies na Louise, kisha Porte de Namur. Ni vituo vinne tu. Ajuaye historia atatambua kwamba treni hiyo inafuata mstari wa ukuta wa zamani. Katika karne ya 14 mji wa Brussels ulizungushiwa ukuta wake wa pili, wenye malango makubwa. Ukuta ulikwisha kubomolewa, na kati ya malango yale ni Porte de Hal pekee lililosimama hadi leo. Porte de Namur limebaki jina.

Lakini jina hilo linahusu mizigo hasa. Hata baada ya lango lenyewe kubomolewa, watoza ushuru walikaa pale. Kila aliyeingia mjini na nyama, divai, kuni au nafaka alisimamishwa, mzigo ukafunguliwa na kutozwa. Ushuru huo wa kuingia mjini ulifutwa kote Ubelgiji mwaka 1860, na vibanda viwili vya watoza ushuru wa Porte de Namur vilihamishiwa kwenye mwingilio wa msitu wa Bois de la Cambre, ambako mpita njia anaweza kuviona mpaka leo.

Ukitoka ndani ya metro ya Porte de Namur, baada ya hatua chache unaingia Matonge. Jina limechukuliwa kutoka mtaa wa Kinshasa wenye sifa ya muziki na usiku usiolala. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, nyumba ya kupokea wanafunzi kutoka Kongo ilifunguliwa katika eneo hili la Ixelles. Wanafunzi wakaleta wageni, wageni wakaleta maduka. Leo, katika barabara ya Chaussée de Wavre na katika ujia wa maduka uitwao Galerie d'Ixelles, kuna mihogo, ndizi za kupika, majani ya sombe, samaki wakavu na vitenge, na maduka ya kusuka nywele yamepangana mlango kwa mlango. Utasikia Kilingala zaidi, lakini simama kidogo na utasikia Kinyarwanda, Kirundi, na Kiswahili cha Bukavu, Goma na Lubumbashi. Tarehe 30 Juni mwaka 2018, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kongo, uwanja mdogo hapohapo Porte de Namur ulipewa jina la Patrice Lumumba.

Yule dada nilimkuta dukani, amevaa nguo zake za heshima, mkoba wa makaratasi magotini. Ilikuwa saa tatu na dakika chache.

"Karibu kaka, pole na safari. Mama hajambo?"

"Hajambo, dada. Anakusalimu sana."

"Na bahasha?"

Nilijipapasa, nikakumbuka. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, iko ndani ya sanduku stesheni, vituo vinne tu, nakwenda na kurudi. Kisha nikatia mkono mfukoni kutafuta ile stakabadhi yenye namba, nisiione. Nilitafuta mfuko wa pili, na wa koti, na ndani ya pasipoti. Ndipo ikanijia picha kamili. Katika metro nilikuwa nimeokota gazeti la bure, nikalisoma, na kile kikaratasi nilikiweka katikati ya kurasa nilipotaka kushika mahali. Gazeti nililiacha kitini.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sijawahi kuisikia methali hiyo kwa sauti kubwa kama siku ile.

Nilirudi Midi mbio. Mhudumu wa makabati alinisikiliza kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kusikia habari hiyo mara nyingi. Aliniambia kabati laweza kufunguliwa bila namba, lakini si kwa maneno matupu. Alitaka kitambulisho, namba ya kabati au mahali lilipo, muda nilioweka mzigo, na maelezo ya vilivyomo. Kulikuwa na watu wawili mbele yangu wenye shida zao. Kisha ilibidi asubiriwe mwenzake, kwa kuwa kabati la mtu halifunguliwi na mfanyakazi mmoja akiwa peke yake.

Sikuweza kumlaumu. Nilijiuliza: je, kama mtu mwingine angeokota gazeti lile, akaja hapa na kusema sanduku ni lake, ningependa afunguliwe upesi? Ule ugumu ulioniumiza ndio uliokuwa ukiilinda amana ya mama wa Buyenzi.

Nilipofikiwa, nilieleza: sanduku jeusi lenye gurudumu lililovunjika, ndani yake ndagala, vitenge viwili, rangi ya kwanza ya manjano, na bahasha ya kahawia yenye jina. Walifungua, wakatazama, wakalinganisha na pasipoti yangu, wakanitaka nitie sahihi. Ilikuwa saa nne na dakika hamsini. Nilifika Porte de Namur saa tano na robo, na katika ofisi tulifika pamoja saa tano na dakika ishirini na tano. Nafasi yake ilikuwa imepewa mtu mwingine. Alipangiwa siku nyingine, baada ya wiki tano.

Wiki tano si nyingi mbele ya miaka kumi, mtu anaweza kusema. Lakini dada yule alikuwa ameomba ruhusa kazini bila malipo, na alikuwa amempigia simu mama yake usiku kumwambia kwamba kesho jambo linakwisha. Hakunigombeza. Tulirudi dukani kwake, akanipa chai na chakula, akaweka ile bahasha katika mkoba wake na kuufunga. Kisha akaniuliza swali moja tu, kwa sauti ya chini: "Kaka, kwa nini hukuibeba mkononi?"

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo.

Wasikilizaji, lugha yetu ina neno amana, na naona hakuna neno linalofaa zaidi kwa mizigo ya safari. Amana ni kitu cha mtu kilicho mikononi mwako, ambacho utadaiwa hata kama hukuandikiana naye. Watu wa pwani wamelielewa hilo kwa karne nyingi, kwani biashara ya misafara ilisimama juu yake. Pale Bagamoyo, ambako misafara ya kutoka bara ilikuwa ikitua mizigo, wengi husimulia kwamba jina lenyewe latokana na kubwaga moyo: mpagazi aliyetembea miezi, amefika, ametua mzigo, na moyo wake umetulia. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi nazo zina majina ya wapagazi, wale wa Kikosi cha Wachukuzi wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambao makumi ya maelfu kati yao hawakurudi makwao.

Na Porte de Namur si mbali na habari hiyo. Ukitembea dakika chache kutoka kwenye uwanja wa Lumumba utafika Place du Trône, ilipo sanamu ya Mfalme Leopold wa Pili akiwa juu ya farasi, iliyosimamishwa mwaka 1926 na kutengenezwa kwa shaba iliyotoka Kongo. Kabla reli ya Matadi hadi Léopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa, haijakamilika mwaka 1898, maporomoko ya mto yaliizuia meli kupanda, na kila sanduku la dola ile lilipita njia hiyo ya kiasi cha kilomita 400 juu ya vichwa vya watu. Wengi walilazimishwa na wengi walifia njiani. Anayelalamika kuhusu gurudumu la sanduku lake, kama nilivyolalamika mimi asubuhi ile, afikirie hayo kidogo anapopita hapo.

Kabla ya kuagana, nitawaachia mambo machache kwa wale watakaopita Brussels kwa saa chache.

Kwanza, hakikisheni kwamba mnaruhusiwa kutoka nje ya uwanja wa ndege. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen au kibali cha ukaazi ili aingie mjini. Raia wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Somalia, Ethiopia na Eritrea kwa kawaida huhitaji viza ya kupitia hata kama wanabadilisha ndege tu ndani ya uwanja. Na ikiwa mzigo umeandikishwa moja kwa moja hadi mwisho wa safari kwa ndege, hakuna haja ya kuuchukua.

Pili, kagueni mnachobeba kabla ya kuondoka nyumbani. Nyama na maziwa, pamoja na vitu vilivyotengenezwa kutokana navyo, haviruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya katika mizigo ya abiria kutoka kwetu. Samaki wanaruhusiwa kwa matumizi ya nyumbani hadi kilo 20, kwa hiyo ndagala wa mama walikuwa halali. Tangu mwisho wa mwaka 2019, matunda na mboga mbichi huhitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matunda matano: nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Na bahasha au kifurushi ambacho hamkuonyeshwa kilichomo, msikipokee, hata kama anayekileta ni mtu wa heshima.

Tatu, msiweke kila kitu kabatini. Sheria ya Ubelgiji inamtaka mtu awe na kitambulisho chake anapotembea, na polisi wana haki ya kukiuliza. Pasipoti, dawa, fedha, simu na karatasi za watu zikae mwilini mwako. Kabati ni la nguo.

Nne, ile stakabadhi ya kabati ipigeni picha kwa simu papo hapo, pamoja na namba ya mlango, na muandike mahali pengine orodha ya vilivyomo. Rudini kabla ya treni kwa nafasi ya kutosha, maana saa za kuondoka huwa kuna foleni. Mkikuta makabati yamejaa, hoteli nyingi huwawekea mizigo wageni wao hata kabla au baada ya siku zao za kulala, na yako pia maduka yanayopokea mabegi kwa malipo yanayopangwa kwa intaneti. Hapo nako dai ni lilelile: ombeni maandishi.

Mimi treni yangu ya saa nane niliiwahi. Dada alinisindikiza hadi metro ya Porte de Namur, akanishika mkono, akaniwekea chakula cha njiani. Wiki tano baadaye alinipigia simu kunijulisha kwamba karatasi zote zimepokelewa, na miezi kadhaa baada ya hapo alinipigia tena akiwa na habari njema zaidi. Mama wa Buyenzi hakuambiwa kamwe kwamba bahasha yake ililala kabatini saa tatu kasoro, na mwenyewe hana namba ya kuifungulia. Tulikubaliana hivyo mimi na binti yake.

Tangu siku hiyo, nikipewa amana, haiingii sandukuni. Naibeba kifuani.